Mgongo wa Mwanachuo

Nikikaa barazani hapa Gungu, humkumbuka mwanachuo mmoja. Enzi za Elimu ya Kujitegemea nilimwita mvivu wa jembe kwa kulalamikia mgongo. Kumbe kifua kikuu kilikuwa kikila pingili zake. Alibaki na kibiongo.

Ugonjwa huo Percivall Pott wa London aliueleza mwaka 1779. Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, macho ya daktari yakafika mfupani. Leo akili mnemba nayo husoma picha za uti wa mgongo, ikipima pingili.

Naikaribisha. Lakini, ndugu msomaji, nayo ni mwanafunzi: hujua mifano iliyopewa. Ikifunzwa kwa migongo ya Ulaya pekee, ambako kifua kikuu ni haba, yaweza kukosea kama mimi. Tuifunze kwa picha zetu pia, na daktari asahihishe.