Bei ya Kesi Mkoani Mara

Baba yangu alikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, enzi Butiama ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Musoma. Kila fedha iliyoingia mahakamani aliiandikia stakabadhi ya serikali, nakala ikabaki kitabuni. Nje, chini ya mti, alikaa mwandishi wa barua na taipureta yake. Sheria haikuwaruhusu mawakili kusimama katika Mahakama za Mwanzo, kwa hiyo mwananchi asiyejua kuandika madai yake alimtegemea huyo. Huyu hakuwa na kitabu cha stakabadhi. Alimtazama mteja, akapima shida yake, akataja bei. Baba alichukizwa na jambo hilo hadi anastaafu: ada ya mahakama ilijulikana na kila mtu, ila bei ya msaada ilijulikana na anayeipokea tu.

Leo mimi ni msaidizi wa kisheria Bunda, na chuki hiyo nimeirithi.

Watanganyika walikuwa na njia nyingine ya kugharimia kesi, nayo ni mchango. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichangishana, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini fedha zilitoka kwa watu walioijua safari na sababu yake.

Mwaka 1958 ikawa zamu ya mtoto wa Butiama. Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu makomishna wa wilaya katika gazeti la Sauti ya TANU. Alitetewa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa kwa michango. Kwa desturi yetu, mchango husomwa mbele ya watu: fulani ametoa kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Anayetoa ana haki ya kuuliza.

Mfumo wa wakili kulipwa akishinda ulitufikia kutoka mbali. Uingereza iliuruhusu kwa sheria ya 1990, ukaanza kutumika 1995. Tangu Aprili 2013, katika kesi za majeraha, nyongeza ya ushindi anayodai wakili haiwezi kuzidi asilimia 25 ya fidia, tena fidia ya hasara zijazo haihesabiwi humo. Mwaka huohuo wa 2013 wanavijiji wa Nyamongo, Tarime, waliishtaki London kampuni ya African Barrick Gold kwa vifo na majeraha yaliyotokea katika mgodi wa North Mara. Kampuni ilikana kuwajibika. Mwaka 2015 pande zote zilimalizana nje ya mahakama, na masharti hayakutangazwa. Wengine walikwenda Ontario, Kanada, mwaka 2022. Novemba 2024 mahakama ya huko ilikataa kuisikiliza kesi, ikisema mahali pake ni Tanzania.

Mwaka 2013 pia serikali ya Uingereza iliwalipa wazee wa Mau Mau wa Kenya. Tangazo lilitaja pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wengi waliosikia redioni waligawa hesabu kichwani. Lakini ndani ya kiasi hicho zilikuwamo pia gharama za kesi. Jumla moja ikitangazwa bila mchanganuo, mzee anayepokea pungufu huamini ameibiwa, hata kama hakuibiwa.

Kenya, kwenye kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, inabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa kwa sharti la kushinda tu. Kwetu, Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 inaweka viwango, na mshindi aliyepewa gharama ana siku 60 za kuwasilisha hati yake ikaguliwe. Ikikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita, ukiacha ada za mahakama, aliyeileta hupoteza gharama za ukaguzi huo. Hicho ni kitabu cha baba yangu kikiwa na meno. Lakini makubaliano ya "tukishinda tugawane", yanayofanyika kwa mdomo stendi ya Bunda au kwenye veranda mjini Musoma, hayamfikii mkaguzi yeyote.

Ndiyo maana kila anayekuja ofisini kwetu namwekea hesabu kwenye daftari. Tuseme fidia ni shilingi milioni 10, matumizi ya kesi milioni 2, na mmekubaliana asilimia 30. Matumizi yakitolewa kwanza, wakili huchukua 2,400,000 na wewe 5,600,000. Asilimia ikikatwa kwanza, yeye huchukua 3,000,000, matumizi yanafuata, wewe unabaki na 5,000,000. Shilingi 600,000 zimehama kwa sababu ya mpangilio wa maneno. Kisha nauliza: mkishindwa, nani atalipa gharama za upande wa pili? Ukitaka kusuluhishana mapema, nani ataamua?

Sijawahi kumshauri mtu akatae asilimia. Mjane asiye na nauli ya kwenda Musoma anaihitaji, na wakili anayebeba hatari ya kukosa anastahili malipo. Ninachodai ni karatasi. Mwaka 2021 Bunge liliifanya lugha ya mahakama zetu kuwa Kiswahili, na mwaka huohuo mawakili wakaruhusiwa katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na Mahakimu Wakazi. Taaluma imeingia palepale alipokaa mwandishi wa barua. Iingie na stakabadhi. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yataje asilimia ya nini, kabla au baada ya matumizi, yasomwe mbele ya shahidi anayeletwa na mteja, na nakala abaki nayo mteja. Wakili anayeona aibu kuisoma bei yake kwa sauti asipewe kesi hiyo.