Ukakasi wa Kinywaji: Zabibu za Dodoma na Ndizi za Bwera

Kiswahili kina majina mawili ya kileo cha zabibu. Mvinyo limetokana na Kireno; divai hunasibishwa na Kifaransa. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imeyatumia yote mawili. Majina hayo yametoka ng'ambo, lakini neno lielezalo barabara ladha ya mvinyo mwekundu mzito ni la kwetu: ukakasi, yaani ile hali ya ulimi kukauka na fizi kukazika, kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi.

Ukakasi huo si ukali wa kileo, wala si uchachu wa ndimu. Hutokana na tanini, iliyomo katika maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake. Ndiyo maana hupata rangi na ukakasi kwa wakati mmoja. Huko Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu mwaka 1957, zabibu nyekundu ya Makutupora yajulikana kwa kazi hiyo.

Tugeuke sasa magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Katika Kasese na Bwera kinywaji cha kale hakikutoka katika zabibu, bali katika ndizi, nacho pia ni mseto. Mbidde, kama Waganda waiitavyo ndizi ya pombe ya nyanda za juu, ina utomvu wenye ukakasi. Kayinja na kisubi, zilizoletwa baadaye, zina utamu zaidi. Ndizi huivishwa shimoni, humenywa, hukamuliwa kwa nyasi, kisha maji huchujwa. Mtama mwekundu uliosagwa, ambao nao una tanini, hutia rangi na kusaidia uchachukaji. Mpishi huchanganya aina hizi kwa kipimo cha ulimi wake, asizidishe utamu wala ukakasi.

Ufundi huo umepita katika misukosuko. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, watu wa makabila mengi walikutana hapo. Mwaka 1965 sheria ya Uganda iliwataka wakenekaji wa pombe kali wawe na leseni. Kisha ukaja mnyauko wa bakteria, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001. Wadudu huueneza kupitia ua dume la mgomba, na kayinja ndiyo iliyoumia kuliko aina nyingi.

Mgomba ukitoweka, jina lake hutoweka pia. Bwera ipo mpakani. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kongo, na Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu. Kiswahili huvuka mpaka huo kila siku ya soko. Basi yafaa walimu wa pande zote mbili wawatume wanafunzi kwa wazee, wakaandike majina ya ndizi na maneno ya ladha, kabla kamusi zetu hazijabaki na mvinyo na divai pekee.