Kiwavi Juu ya Bamba la Shaba

Mwaka 1699 mchoraji Maria Sibylla Merian, bibi wa miaka 52, alipanda meli Amsterdam pamoja na binti yake Dorothea, safari ya Suriname. Walowezi wa Kiholanzi aliowakuta huko akili yao ilikuwa kwenye sukari tu, nao walimcheka: nani huvuka bahari kufuata viwavi?

Merian alikuwa ameyazoea hayo. Alianza kufuga viwavi wa hariri mjini Frankfurt akiwa na miaka 13, enzi ambayo watu wengi Ulaya waliamini wadudu huzaliwa na matope na uozo. Baba yake mzazi alikuwa mchongaji wa mabamba ya shaba na mchapishaji.

Picha za wadudu zilikuwa zimekwisha kuchapwa kabla ya Merian. Kiroboto wa mwanasayansi Robert Hooke, mwaka 1665, alijaza karatasi ya kukunjua, kila unywele ukionekana. Lakini alikuwa kiroboto peke yake, hana pa kuishi. Merian aliweka yai, kiwavi, bumba na kipepeo juu ya mmea uleule anaoula kiwavi.

Msituni Suriname, watumwa walimfyekea njia kwa shoka. Wao na wenyeji walimletea wadudu na kumweleza matumizi ya mimea. Katika kitabu alichokitoa baadaye wamo, majina yao hayamo.

Homa ilimrudisha Amsterdam mwaka 1701, na kitabu hicho kikatoka 1705, kina picha 60. Mabamba mengi alichongewa na mafundi wa kukodi. Nakala nyingine zilitolewa kwa ujanja: karatasi iliyotoka kuchapwa, wino ungali mbichi, iligandamizwa juu ya karatasi nyingine. Mistari ikalainika, alama ya ukingo wa bamba ikapotea, na picha ikageuka kuelekea upande uleule aliouchora yeye. Kisha zikapakwa rangi kwa mkono.

Picha ya 18 ndiyo iliyomponza. Juu ya tawi la mpera, buibui mkubwa anamla ndege mdogo afananaye na chozi. Karne ya 19 wapo waliomwita mwongo, mpaka mtafiti wa viumbe Henry Walter Bates aliposimulia mwaka 1863 kwamba Amazon alimwona kwa macho yake buibui aliyeua ndege.

Kwenye picha hiyohiyo wamejaa sisimizi. Uholanzi iliwachapa tena mwaka 1963, pale msanii M. C. Escher alipochonga vipande vitatu vya mbao na kuwatembeza sisimizi tisa wekundu juu ya utepe usio na mwisho. Ni kazi ya fundi hasa, ila sisimizi wake hawana hata jani la kula.