Kusuasua kwa michezo ya kompyuta

Kusuasua kwa michezo ya kompyuta (au gemu) ni hali ambamo picha za mchezo hukatikakatika, huganda kwa muda au huchelewa kuitikia amri ya mchezaji. Kipimo chake ni idadi ya picha ambazo kompyuta huchora kwa sekunde. Zikiwa 60, kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kuchorwa. Zikiwa 30, ina milisekunde 33.3. Chini ya hapo jicho huona mikatiko waziwazi.

Makala hii inahusu kompyuta za nyumbani, hasa za mtumba, kwa mfano wa Ipogolo katika Manispaa ya Iringa, nchini Tanzania.

Kompyuta za ofisi nyumbani

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu Tanzania zilitumika kwanza maofisini ng'ambo. Ziliundwa kwa barua na hesabu, hivyo nyingi hazina kadi ya picha. Kazi ya kuchora hufanywa na sehemu ndogo iliyo ndani ya kichakataji, nayo huazima kumbukumbu (RAM) ya kompyuta.

Hapo ndipo kijiti kimoja cha RAM kinapoleta hasara isiyoonekana. Kijiti cha DDR3 cha megahezi 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Viwili vilivyochomekwa katika nafasi zinazofanya kazi pamoja hupitisha hadi 25.6. Kwa hiyo vijiti viwili vya gigabaiti 4 mara nyingi huchezesha gemu vizuri kuliko kimoja cha 8, ingawa jumla ni ileile. Diski ya SSD hufupisha muda wa kusubiri mchezo ufunguke, lakini kwa kawaida haiongezi idadi ya picha.

Joto na vumbi

Ipogolo iko chini ya kilima cha mji, pale barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya inapopita karibu na Mto Ruaha Mdogo. Malori hupita mchana na usiku, na wakati wa kiangazi vumbi huingia ndani ya nyumba. Likijaa kwenye feni na mapezi ya kupozea, kichakataji huchemka, nacho hupunguza mwendo chenyewe ili kisiungue. Dalili yake ni ya pekee: mchezo huenda vizuri dakika za mwanzo, kisha huanza kusuasua.

Dawa ni kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa umeme, kushika feni isizunguke na kupuliza vumbi. Ikiwa pesti iliyo kati ya kichakataji na kipoza joto imekauka, hubadilishwa. Baridi ya Iringa ya Juni na Julai husaidia, lakini si kwa mashine iliyosongwa na vumbi.

Kupima kabla ya kununua

Familia nyingi hupoteza fedha hapa, kwa kununua kifaa kabla ya kujua kilichoshindwa ni kipi. Jaribio moja halina gharama. Ukubwa wa picha hupunguzwa kutoka nukta 1920 × 1080 hadi 1280 × 720, yaani kutoka nukta 2,073,600 hadi 921,600. Mchezo ukiharakika sana, mzigo ulikuwa kwenye uchoraji wa picha. Usipobadilika, kichakataji ndicho kilicholemewa, na kadi mpya ya picha haitasaidia. Katika Windows, vibonyezo Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager, inayoonyesha kama RAM imejaa au kama programu nyingine inakula nguvu. Gemu za wizi wakati mwingine huja na virusi vinavyofanya hivyo kimyakimya.

Kupiga Windows upya ni tiba inayopendwa kupita kiasi. Mara nyingi inatosha kuweka draiva sahihi ya kadi ya picha. Kosa jingine la kawaida ni kuchomeka waya wa skrini nyuma ya ubao mama badala ya kwenye kadi.

Umeme

Kompyuta mpakato inayotumia betri hupunguza nguvu, hivyo ichezewe ikiwa kwenye chaji. Stabilaiza hulinda vifaa lakini haiharakishi mchezo: umeme ukipungua mno, kompyuta ya mezani huzimika, haisuisui.

Pawa saplai za kompyuta za ofisi ni ndogo. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 zisizozidi, kwa hiyo kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 katika matoleo yake mengi, ndiyo hufaa. Katika kasha jembamba hata kimo cha kadi hupimwa kwanza.

Mtandao

Mchezo wa mtandaoni unaweza kuchelewa ingawa kompyuta ni nzima. Kutoka Iringa hadi Frankfurt ni takriban kilomita 7,000 kwa mstari mnyoofu. Mwanga katika nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi huchukua si chini ya milisekunde 70, na kebo halisi ni ndefu zaidi. Ucheleweshaji huo hauondolewi na RAM wala kadi. Hupungua kwa kuchagua seva iliyo karibu, kwa mfano ya Johannesburg kama mchezo unayo.