Wageni wa Meru: kutoka bunduki hadi fimbo ya kupandia

Barabara ya kupanda Ngurdoto, kreta iliyo kando ya Mlima Meru, inaishia ukingoni. Mgeni hushuka garini, husogea mahali pa kutazamia, na chini yake hufunguka bonde la kijani ambamo nyati huonekana wadogo kama punje za ulezi. Hakuna njia ya watalii inayoteremka hadi sakafu ya kreta. Wanyama wa humo wameachiwa kwao, na mgeni hutosheka na macho yake.

Ni kanuni ya kujivunia, hasa ikikumbukwa kwamba kule Ngorongoro magari huteremka kreta kila asubuhi. Lakini nchi inayouzunguka Mlima Meru haikuanza na adabu hiyo.

Mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani, Ulrich na Margarete Trappe walifungua shamba Momella, kaskazini-mashariki mwa mlima. Margarete alipata sifa ya kuwa mwindaji hodari, akiwaongoza wageni porini. Safari wakati huo ilikuwa bunduki, wapagazi na pembe za kupeleka nyumbani. Hata baada ya nusu karne, Momella ilijulikana duniani kwa mawindo: hapo ndipo zilipopigwa sehemu za filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962, John Wayne akiigiza mtu anayekamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella hata akanunua shamba hapo.

Kabla filamu haijafika kwenye kumbi za sinema, upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Mwaka 1960 Kreta ya Ngurdoto ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, wataalamu wa uhifadhi walikutana Arusha, na Julius Nyerere akatoa tamko linalojulikana kama Ilani ya Arusha, miaka sita kabla ya Azimio la Arusha ambalo kila mwanafunzi analijua. Katika ilani hiyo viongozi wa Tanganyika waliahidi kuwatunza wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo, wakaziomba nchi nyingine zisaidie kwa wataalamu na fedha. Maziwa ya Momella yaliongezwa kwenye hifadhi, ukafuata Mlima Meru wenyewe mwaka 1967, na eneo zima likaitwa Hifadhi ya Taifa Arusha.

Wanyama walipata mlinzi. Je, wenyeji?

Wazee wa Kimeru walikuwa na sababu ya kuuliza. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuueleza Umoja wa Mataifa dhuluma hiyo. Kwa watu wenye kumbukumbu kama hiyo, msemo wa "mgeni njoo, mwenyeji apone" ulihitaji kuthibitishwa kwa vitendo.

Jibu moja la maana lilikuja katika miaka ya 1990. Shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilishirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania kuanzisha mpango wa utalii wa kitamaduni, na Arusha ikawa kitovu chake. Longido ilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Zikafuata Ng'iresi na Ilkiding'a kwa Waarusha, Mulala kwa Wameru, na Mkuru, kaskazini mwa mlima, ambako wafugaji huwapandisha wageni ngamia.

Utaratibu wake ni rahisi kueleweka. Anayeongoza ni kijana wa kijiji hicho hicho. Chakula kinapikwa na akina mama wa hapo, kwa ndizi na maharage ya shambani mwao. Mgeni anakwenda kwa miguu, na sehemu ya malipo yake inaingia kwenye mfuko wa kijiji kwa mahitaji kama shule. Mulala, kikundi cha wanawake huwaonyesha wageni jinsi wanavyotengeneza jibini kwa maziwa ya ng'ombe wao. Fedha inabaki kwa mwenye ng'ombe.

Mabadiliko mengine yamekuja kwa sheria na kwa reli. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara, na watalii walitakiwa kuiacha uwanja wa ndege. Oktoba 2020 treni ya abiria ilirudi Arusha baada ya zaidi ya miaka 30, na anayetoka Dar es Salaam akapata tena njia ya kuufikia mlima bila ndege wala gari lake mwenyewe.

Bunduki nayo haijatoweka Momella. Kila kundi linalopanda Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,560, hutembea na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu nyati ni wengi msituni. Sasa kazi ya silaha hiyo ni kumrudisha mgeni salama na kumwacha nyati katika malisho yake. Nyuma ya askari hufuata wapagazi, kisha wageni na fimbo zao, wakielekea kulala kibanda cha Miriakamba, na siku ya pili kibanda cha Saddle.

Asiye na siku tatu au nne za mlima anaweza kwenda Ng'iresi, mwendo mfupi kutoka mjini. Mwongozaji atampandisha kilima cha Kivesi, volkano ya zamani iliyovaa msitu, kisha watateremka pamoja kwenye migomba hadi nyumba ambamo chakula cha mchana kiko jikoni.