Makundi ya shinikizo na somo la Kariakoo

MAKUNDI ya shinikizo ni jumuiya za watu wenye maslahi ya pamoja ambazo hazigombei kushika dola, bali humtaka anayeishika atunge sheria, aifute au aitekeleze kwa namna inayowafaa wanachama wake. Vyama vya wafanyakazi, wakulima na wafanyabiashara vimo humo. Kwa kawaida huanza kwa barua na vikao na mawaziri, vikishindikana, hugoma.

Jijini Dar es Salaam mfano ulio wazi ni Kariakoo. Mei 15, 2023, wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kamatakamata na utaratibu wa kusajili stoo. Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alifika sokoni siku hiyo hiyo, na siku mbili baadaye akawasikiliza Mnazi Mmoja mbele ya kamera za televisheni. Aliagiza usajili wa stoo na kikosi kazi visitishwe.

Hapo ndipo nguvu ya vyombo vya habari ilipoonekana. Mtu aliyezoea kunung'unika nyuma ya kaunta alisikika nchi nzima, na jibu la kiongozi likawa ahadi ya hadharani, ambayo si rahisi kuitengua kimya kimya. Hata hivyo, ahadi si utekelezaji: Juni 24, 2024, maduka yalifungwa tena, na safari hii mgomo ukaenea hadi mikoani.

Vyombo vyenyewe navyo hushinikizwa. MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalikaa kifungoni hadi Februari 2022 yaliporudishiwa leseni.

Kilio kingine cha Kariakoo kilihusu wageni wanaouza rejareja. Mapema mwaka 2025 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza suala hilo, na Julai mwaka huo ikatoka amri iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za jumla na rejareja, saluni na ufundi wa simu. Faini kwa mgeni ni kuanzia Sh10 milioni. Kenya ililalamika, ikikumbusha makubaliano ya soko la pamoja la Afrika Mashariki.

Lakini si kila mwenye shida ana duka la kufunga. Ukifuata Barabara ya Uhuru kutoka Kariakoo hadi Buguruni, utakutana na mama lishe, wapagazi na wauza mboga ambao wakigoma, anayeumia wa kwanza ni mtoto wao nyumbani. Machinga walipewa vitambulisho kwa Sh20,000 kuanzia Desemba 2018, enzi za Rais John Magufuli, wakaambiwa wasibughudhiwe. Oktoba 2021 waliondolewa pembezoni mwa barabara za jiji. Na katika siku zile za mgomo wa 2023, mpagazi wa Kariakoo alikosa mzigo wa kubeba, ilhali katika madai yaliyopelekwa kwa Waziri Mkuu la kwake halikuwamo.