Ruwenzori: mlima wetu, safari ya wengine



Kila mtu aliyepita masomo ya msingi huku kwetu anajua jibu hili: mlima mrefu kuliko yote ya Congo ni Ruwenzori, kilele chake Margherita, metre 5.109. Lakini ulizeni kati yetu, hata wale waliozaliwa Beni, Butembo ao Mutwanga: nani alifikaka kwenye barafu? Wengi tunaangaliaka mlima toka barabarani, asubuhi mapema kabla mawingu hayajafunika, basi. Hiyo haikukuja yenyewe. Iko na historia yake.

Wakonzo wa ngambo ya Uganda na Wanande wa kwetu wanasikilizana kwa luga, na theluji wanaiita nzururu. Rwenzururu, ndio fasi ya theluji. Kule juu, kwa wazee, kulikuwa kwa Kitasamba, roho kubwa ya mlima, na mtu hakuenda huko kwa kutembea tu. Wawindaji ndio walijua njia za pori na mapango ya kulala.

Wazungu walikuwa wanasoma toka zamani, kwa Ptolemy, habari ya Milima ya Mwezi. Stanley akaiona theluji kwa macho mwaka 1888. Mwaka 1891 Mjerumani Stuhlmann akapanda kwa bonde la Butahu, upande wetu huu, akafika karibu metre 4.000. Kisha akaja mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, mwaka 1906. Yeye alipitia Uganda, na wabebaji kwa mamia, na mwezi wa sita wa mwaka ule akasimama juu kabisa. Kilele kimoja akakiita Margherita, malkia wa Italia, cha pembeni akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Na milima sita iliyokuwa na barafu leo inaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Majina ya waliobeba mizigo hatuyakuti kwenye ramani hata moja. Kuna ramani zinazoandika Ngaliema pahali pa Stanley. Ni sawa, lakini Ngaliema alikuwa chifu wa upande wa Kinshasa! Hata tulipobadilisha jina, wenye mlima hatukuwauliza.

Sasa jambo ambalo wengi hawajalisikia. Mwaka 1894, Leopold na Waingereza waliandika kwamba mpaka utafuata mstari wa digri 30 mashariki. Waliandika wakiwa Ulaya, na ramani zao hazikuwa sawa. Mwaka 1907 na 1908 wapimaji walipokuja wenyewe, wakakuta vilele vyote vikubwa viko magaribi ya mstari ule. Margherita iko kwa digri 29 na dakika 52. Kwa kufuata karatasi, kumbe barafu yote ilikuwa inaangukia Congo. Basi mwaka 1910 wakakaa Brussels, wakagawanya upya, na mpaka ukapitishwa juu ya mlima wenyewe. Familia za luga moja zikawa, moja ya Mubelgiji, moja ya Mungereza. Mimi siandiki hii kwa kudai kitu kwa jirani. Nasema tu kwamba mlima ulikatwa na watu ambao hawakuwa na shamba hata moja pale.

Mwaka 1925 ikazaliwa Parc National Albert, ambayo leo tunaita Virunga. Ilipoongezwa, ikafika mpaka Ruwenzori. Sheria yake ilikuwa kali: mwanakijiji asiwinde, asikate mti, asiingie. Mwaka 1932 wasomi wa Belgique, wakiongozwa na Xavier de Grunne, walipanda upande wetu kuchunguza majani, wadudu na barafu. Njia ya Mutsora ikapata vibanda: Kalonge, Mahangu, Kiondo, mpaka Moraine karibu na barafu. Ni njia nzuri sana. Unatoka msituni, unaingia kwenye mianzi, kisha miti ya erika yenye kuvaa majani-maji kama ndevu, kisha lobelia na senesio ndefu kupita mtu, na maziwa madogo: Lac Noir, Lac Vert, Lac Gris. Mugeni alipanda kwa raha yake. Mutoto wa Mutwanga, kama hakuwa mubebaji ao gide, alikuwa muvunja sheria.

Kisha vita. Toka miaka ya 1990 ADF walijificha kwenye mlima huu, pande zote mbili, na watu wa Beni hawana haja ya mtu kuwaelezea matokeo yake. Angalieni mwaka 1994: UNESCO iliandika Virunga kwenye liste ya urithi ulio hatarini, na mwaka uleule ikapokea upande wa Uganda kama urithi wa dunia. Wao pia waliingia hatarini mwaka 1999, juu ya vita hivyohivyo, lakini wakatoka mwaka 2004. Sisi tungali kwenye liste. Ndio maana wapandaji leo wanaanzia Nyakalengija ao Kilembe, karibu na Kasese, na Mucongomani anayetaka kufika kwenye kilele cha nchi yake anavuka Kasindi na pasiporti.

Na barafu haitungojei. Mwaka 1906 ilikuwa juu ya milima yote sita, jumla karibu kilometre 7,5 za mraba. Kufika 2005 ilibaki juu ya mitatu tu, Stanley, Speke na Baker, karibu 1,5. Upande wa Emin, ambao uko kwetu, imekwisha.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Mwenye mzazi aliyefanyaka kazi ya gide ao mubebaji kwenye njia ya Mutsora, kama kuna picha za Kiondo ao Moraine kwenye sanduku nyumbani, azipige na telefone na kuzituma hapa, na jina la muzee na mwaka.